Mkulima Akipewa Alama, Arudishiwe na Karatasi Yake



Kabla sijawa karani katika mambo ya kilimo nilisomea ualimu, na nilifundisha watoto kwa muda. Katika kazi ile nilijifunza jambo moja ambalo sijalisahau. Mtoto ukimpa alama 40 kwa 100 atanuna, lakini ukimrudishia karatasi yake akaona kwa wino mwekundu mahali alipokosea, atatulia. Mara nyingine atakuja mezani na kusema, "Mwalimu, jibu hili la tatu umelikata, nalo ni sahihi." Ukitazama, waona ni kweli. Unampa alama zake, na somo linaendelea. Lakini mwalimu anayesoma alama mbele ya darasa kisha akazifungia karatasi kabatini, huyo hafundishi. Huyo anatisha tu.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya alama, wala si za watoto bali zetu sisi watu wazima. Siku hizi mkulima hupewa alama asizoziona, na watu asiowajua, kisha alama hizo humfungulia mlango au humfungia.

Labda wewe utasema, "Mimi sijapewa alama na mtu." Ikiwa una simu na umewahi kukopa, umepewa. Tangu Novemba 2012, M-Shwari ilipoanza, Mkenya huweza kukopa kwa simu bila kumwona karani wa benki, na kinachotazamwa ni namna anavyotumia simu yake na anavyolipa. Mfuko wa Hustler ulipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, kila aliyejiandikisha alipewa kiwango chake cha kukopa, chini shilingi 500 na juu shilingi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, naye alitakiwa kulipa katika siku 14. Anayelipa vizuri kiwango chake hupanda. Anayechelewa habari zake huandikwa. Tena ziko ofisi za kumbukumbu za mikopo, ambazo watu wote huziita CRB. Kanuni zake zilianza kutumika mwaka 2009. Benki na wakopeshaji wengine hupeleka huko habari za kila mkopaji, mwema na mbaya, na kabla ya kukupa mkopo huenda kuuliza jina lako limeandikwaje.

Sisemi kwamba alama hizi ni mbaya. Mkulima wa skimu ya makazi ajua shida ya kukosa dhamana. Wengi wenu katika Magarini, Tezo na Roka, Ngerenya na Mtwapa mlipewa shamba kwa mkopo, na hati haitoki mkononi mwa serikali mpaka deni la ardhi liishe. Benki ikikuuliza hati, unabaki unatazama chini. Basi ikiwa jina lako lenyewe laweza kuwa dhamana, kwa sababu umelipa madeni madogo kwa uaminifu, hiyo ni faida kubwa kwa mtu maskini. Tena ni haki kwamba anayekula mkopo kwa makusudi ajulikane, kwani fedha anazozizuia ndizo ambazo jirani yake angalinunulia mbegu.

Kwa hivyo shauri langu si kwamba alama zifutwe. Shauri langu ni kwamba yeyote anayempa mkulima alama, awe benki, awe kampuni ya simu, awe serikali ya kaunti, amrudishie na karatasi yake. Yaani mkulima aijue alama, ajue imetokana na nini, aweze kuipinga, na ajue itakwisha lini.

Nitawaeleza kwa nini jambo hili lanikaa moyoni. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na daftari la wakulima waliopewa miche ya mikorosho. Pembeni ya kila jina palikuwa na nafasi ya maelezo. Hapo karani mmoja kabla yangu alikuwa ameandika neno moja moja: "mwema", "mzembe", "mkaidi". Daftari lilipojaa niliagizwa kulinakili katika daftari jipya. Nilinakili yote kwa mwandiko mzuri, pamoja na maneno yale ya pembeni, wala sikuuliza yametoka wapi.

Misimu miwili ikapita. Siku moja mzee mmoja akaja ofisini, akavua kofia, akaniambia, "Mwalimu, majirani zangu wote wamepata miche mara mbili. Mimi nimekosa nini?" Nikafungua daftari. Mbele ya jina lake palikuwa na neno "mzembe", kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikamwuliza juu ya ile miche ya kwanza. Akaniambia kwamba ilifika mvua zikiwa zimekwisha, na wiki ile yeye alikuwa hospitali akimwuguza mkewe. Miche ikakauka kwenye makopo. Aliyekuja kukagua aliikuta imekauka, akaandika neno lake, akaenda zake. Hakumwuliza mzee, wala hakumwambia.

Kulikata neno lile kulinichukua nusu dakika. Lakini misimu miwili sikuweza kumrudishia, na mkorosho huchukua kama miaka 3 kabla ya kuanza kuzaa. Nilimwomba radhi, naye akanijibu, "Hapana neno, mwanangu, ungejuaje?" Jibu lile lilinichoma kuliko kama angalinitukana, kwani kujua ilikuwa ndiyo kazi yangu.

Lile lilikuwa daftari la karatasi, katika ofisi moja, nalo lilikuwa na watu mia chache. Leo madaftari yamo ndani ya kompyuta. Serikali imeandikisha wakulima nchi nzima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ambayo mwaka 2022 iliuzwa kwa shilingi 3,500 mfuko, na mwaka 2023 ikateremshwa hadi shilingi 2,500. Mkulima aliyeandikishwa hupata ujumbe katika simu. Hili ni jambo jema, kwa maana mbolea humfikia mwenye shamba. Walakini, kutoka daftari la majina hadi daftari la alama ni hatua moja tu. Mtu atasema, "Tuwape kwanza wale wanaolipa vizuri." Mwingine ataongeza, "Na wanaohudhuria mikutano." Wa tatu ataongeza, "Na wasiotuletea fitina barazani." Hapo alama haipimi tena kilimo, inapima unyenyekevu.

Msidhani kwamba nabuni hofu. Nchi hii imekwisha kuona jambo la namna hiyo. Wazee wetu walibeba kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwajiri aliandika humo tarehe ya kuajiriwa, mshahara, na siku ya kuondoka. Mtu aliyeacha kazi bila ruhusa alijulikana popote aendapo, na mwajiri wa pili aliona mshahara wa kwanza, asitoe zaidi. Mwenye kipande alikibeba lakini hakuwa na kalamu ya kuandika humo. Hiyo ndiyo iliyowaudhi watu kuliko ule uzito wa bati, na mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walikusanya watu kukipinga.

Sasa tutazame nchi nyingine ambako serikali za mitaa zilijaribu kutoa alama kwa raia, ili tujifunze bila kulipa gharama. Watu wengi husema kwamba Uchina kila mtu ana alama moja kutoka serikali kuu. Hivyo sivyo. Serikali kuu ilitoa mpango wake mwaka 2014, lakini alama za raia zilijaribiwa na miji na wilaya, kila mahali kwa kanuni zake. Katika mji wa Rongcheng, mkoa wa Shandong, mkazi alianza na alama 1,000. Aliyejitolea kusaidia wengine aliongezewa, aliyevunja sheria ya barabara alipunguziwa, na watu wakapangwa kwa madaraja, la juu AAA na la chini D.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, wilaya ya Suining katika mkoa wa Jiangsu ilianza mpango kama huo. Humo mtu aliweza kupoteza alama hata kwa kupeleka malalamiko yake kwa wakubwa wa juu kwa njia wasiyoipenda. Magazeti ya Uchina yenyewe yaliukemea mpango ule. Yaliufananisha na hati za "raia mwema" ambazo majeshi ya Japani yaliwapa Wachina wakati wa vita. Tazameni jinsi watu wa mbali wanavyofanana. Wao walikumbuka hati zao za vita, nasi twakumbuka kipande.

Jambo la kujifunza ni lile lililofuata. Mwezi wa Desemba 2020 serikali kuu ya Uchina ilitoa agizo kwamba serikali za mitaa zisimwadhibu mtu wala biashara kwa alama bila msingi wa sheria, na baadaye ikatoa orodha ya habari zinazoruhusiwa kukusanywa na adhabu zinazoruhusiwa kutolewa. Tena mji wa Shanghai, ulipotunga kanuni zake mwaka 2017, ulikataza kukusanya habari za dini ya mtu na za alama zake za vidole. Yaani hata huko waliona kwamba karani wa mtaa akiachiwa kalamu bila mpaka, ataandika kila kitu.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2024 juu ya mashine zinazofikiri imekataza kuwapima watu kwa tabia zao na kuwatendea vibaya katika mambo yasiyohusiana na tabia hiyo, au kwa kiasi kinachozidi kosa. Katazo hilo lilianza kutumika tarehe 2 Februari 2025. Kwa lugha ya shambani ni kusema kwamba mbuzi akila muhogo wa jirani, alipwe muhogo, wala mwenye mbuzi asinyimwe dawa hospitalini.

Na sisi je? Kwetu alama ya deni imekwisha kuvuka mpaka wa deni. Vijana walioomba kazi za serikali kwa miaka mingi walitakiwa kuleta hati kadhaa za usafi: ya polisi, ya kodi, ya mkopo wa masomo, ya tume ya maadili, na ya CRB pia. Fikirini kijana wa Kaloleni aliyekopa kwa simu ili amalize masomo, akakosa kulipa kwa kuwa hana kazi, kisha akakosa kazi kwa kuwa hajalipa. Huyo amefungwa kamba miguu yote miwili, kisha anaambiwa akimbie. Mnamo Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasaidia waliokwama katika mikopo ya simu kusafisha majina yao, nao walikuwa zaidi ya milioni 4. Idadi kama hiyo haiwezi kuwa ya watu wabaya watupu.

Alama za mjini zina kosa jingine kwa mkulima. Mwenye mshahara hupokea fedha kila mwezi. Sisi hupanda mahindi mvua za masika zikianza, tukavuna mwezi wa Julai au Agosti. Mkopo wa siku 14 haungoji mahindi kukomaa. Na mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu kutoka mwaka 2020 hadi 2022, mkulima mwaminifu na mzembe waliandikwa kwa wino mmoja. Mashine iliona siku zilizopita bila malipo, haikuona shamba lililokauka.

Habari njema ni kwamba nchi yetu inazo sheria za kumlinda anayepewa alama, ila wengi hawazijui. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda siri za mtu. Kifungu cha 35 champa kila mtu haki ya kutaka habari mbaya isiyo ya kweli juu yake isahihishwe au ifutwe. Kifungu cha 47 chasema kwamba mtu aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi ya serikali apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kujua habari zake zatumiwa vipi, na kukataa uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake bila binadamu kuutazama. Kanuni za CRB za mwaka 2020 zimekataza kumwandika vibaya mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Kanuni za Machi 2022 juu ya wakopeshaji wa simu zawazuia kumtisha mkopaji au kuwapigia simu ndugu na marafiki zake ili wamwaibishe. Na sheria hizi zina meno, kwani Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni moja ya mikopo ya simu kwa kutumia vibaya majina na nambari za watu.

Lakini kilimo, chini ya Katiba, ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo daftari la mkulima litakaa zaidi na zaidi katika ofisi za kaunti, pamoja na leseni ya mwenye duka la pembejeo na ya mnunuzi wa nazi na korosho. Maoni yangu ni kwamba kaunti yoyote isianze kuwapima wakulima wala wafanya biashara kwa alama kabla bunge la kaunti halijatunga sheria na wananchi hawajaulizwa. Na siku mtakapoitwa kutoa maoni, msiende kula soda tu. Simameni mdai mambo haya matano:

1. Kila mtu aonyeshwe alama yake na sababu zake, kwa Kiswahili kinachosomeka, bila malipo.
2. Alama ipime jambo moja tu. Ya mkopo ikae katika mkopo, isimnyime mtu mbegu, maji, dawa, au karo ya mtoto.
3. Mtu akiipinga alama, asikilizwe na binadamu mwenye jina na meza, ndani ya siku zilizotajwa.
4. Ukame, mafuriko na ugonjwa vihesabiwe kabla ya kumwita mtu mzembe.
5. Alama mbaya iwe na mwisho. Hata mfungwa hutoka jela siku yake ikifika.

Huenda mkubwa fulani akasema kwamba mambo haya yatachelewesha kazi. Mimi ni karani, naijua kazi. Kumwuliza mzee yule swali moja kungalinichukua dakika 5.

Tena na ninyi wakulima mna wajibu wenu. Haki ya kuona karatasi haimfai mtu asiyetaka kuitazama. Kila mwaka waweza kupata taarifa yako ya CRB mara moja bila malipo. Iombe, uisome, na kama hujui kusoma vizuri mwite mtoto wako akusomee. Ukikuta deni lisilo lako, andika barua ya kulipinga na ubaki na nakala. Usimwazime mtu kitambulisho chako wala laini yako ya simu, hata awe mwana wa ndugu yako, kwani deni litaandikwa kwa jina la mwenye laini. Weka risiti zote mahali pakavu, pamoja na zile za deni la shamba. Na ukiona kwamba mvua imekuangusha na hutaweza kulipa, mwambie mkopeshaji mapema, kabla siku haijapita. Mkopeshaji ana wajibu wa kukuarifu kabla ya kupeleka jina lako CRB, basi ujumbe huo usiupuuze. Na jueni kwamba deni lililokaa bila kulipwa, hata baada ya kulimaliza, rekodi yake huweza kubaki hadi miaka 5, ijapokuwa huandikwa kwamba limelipwa. Kuzuia ni rahisi kuliko kufuta.

Na kwa makarani wenzangu nasema neno moja. Kabla hujaandika neno pembeni ya jina la mtu, jiulize kama ungeliweza kumsomea usoni. Kama huwezi, usiliandike.

Yule mzee alipata miche yake msimu uliofuata, naye aliipanda siku ile ile mvua ilipoanza. Nimepita kwake. Mikorosho yake imeshika vizuri, lakini ile ya jirani imeitangulia kwa misimu miwili, na kila nipitapo naiona tofauti hiyo kutoka barabarani.